Nilivyomsaidia Mwalimu

Cheo changu kilikuwa Afisa Usaidizi wa Walimu. Kilichapwa kwenye kitambulisho chenye kamba ya bluu, na siku niliyokabidhiwa nilishuka nacho shingoni hadi sokoni, eti nanunua nyanya, kumbe najionesha. Muuzaji akakitupia jicho, akaanza kuvuta matenga yake kutoka njiani.

"Dada, wewe wa manispaa?"

Nikamwambia hapana, mimi nasaidia walimu.

"Aa," akasema, akarudisha matenga palepale. "Basi chagua fungu, tusicheleweshane."

Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, Kariakoo, juu ya maduka ya vitenge na makava ya simu. Tulifundisha Kiswahili watu wazima waliokuja kuishi mjini: Wachina wa madukani, mabibi harusi walioletwa Upanga kutoka India, na Wakongo wanaofuatilia makontena bandarini, ambao kila mmoja atakwambia Kiswahili anakijua tangu tumboni mwa mama yake, amekuja kukinyoosha tu. Mimi nilikuwa nimefundisha sekondari miaka kumi na minane, nikachoka na watoto wa watu. Hapo kituoni usaidizi wangu ulikuwa kununua kalamu za ubao, kudurufu karatasi, na kushuka chini kumbembeleza jirani azime spika yake inayotangaza suruali za mtumba kuanzia asubuhi. Kazi hiyo niliiweza, na walimu walinipenda.

Kisha mkurugenzi wetu akaenda semina nje ya nchi. Wiki mbili tu, lakini alirudi akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba yai. Akatuita wafanyakazi wote.

"Siku hizi mwalimu hakaguliwi," alitutangazia. "Mwalimu anasaidiwa."

Na msaada wenyewe ulikuwa fomu. Kurasa tatu, visanduku ishirini na sita, kila kimoja ndiyo au hapana. Mimi Afisa Usaidizi ningeingia darasani, ningekaa nyuma, ningeweka tiki. Kanuni ya kwanza, iliyopigiwa mstari, ilisema mwangalizi aingie kimya na akae bila kuonekana, hadi darasa lisahau kwamba yupo. Jamani! Mimi nina kilo tisini na mbili. Nikipanda zile ngazi hadi ghorofa ya tatu, hata wauza vitenge chini wanasikia ninavyohema.

Mwalimu wa kwanza kusaidiwa alikuwa mama mmoja wa Lindi, mstaafu wa shule ya msingi, umri wa kunizaa. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja na ulikuwa unaisha mwezi uleule. Fomu ndiyo ingeamua kama anaongezewa au anaagwa. Alilijua hilo. Tena aliniambia waziwazi kwenye ngazi, mkono kiunoni, akipumua: "Mwanangu, nyumbani mimi nina televisheni na jirani mgonjwa. Wakinitoa hapa nitakufa naangalia tamthilia ya Kituruki. Nataka nife nafundisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama, mimi niko upande wako. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Siku yenyewe niliingia saa nane mchana. Nilisukuma mlango polepole kabisa, nikavua viatu nivishike mkononi, nikanyata. Wanafunzi tisa walikuwa wameupa mgongo mlango, na mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Alipogeuka akaniona, akaweka kalamu chini.

"Karibu! Karibu sana! Jamani, tumepata mgeni!"

Nikamtikisia kichwa, nikamwonesha fomu, nikajaribu kumwambia kwa macho kwamba mimi sipo. Wapi! Ningekuwa mzimu labda. Darasa zima likasimama, kalamu tisa zikaanguka, na shikamoo tisa zikaja kwa lafudhi tisa. Nikaitikia marahaba ya jumla. Hapo mwalimu akainua mkono.

"Ngojeni. Nani mkubwa hapa, mgeni au nyie?"

Basi likaanza zoezi la umri. Walinihoji nilizaliwa mwaka gani, mbele za watu, na nilijibu. Ikagundulika kwamba mama mmoja wa Kichina, mwenye duka la chaja mtaa wa pili, ananizidi miaka minne. Mwalimu akanitazama. Nikasimama upya, viatu mkononi, nikamwambia yule mama, "Shikamoo."

Kisha akasema "Marahaba" polepole, kila silabi peke yake, na uso wake ukang'aa. Miaka mitatu anauza chaja Kariakoo, na tangu afike watu wanamwita "wee Mchina" na kumpigia kelele za ching chong wakidhani ni uchangamfu. Hakuna aliyewahi kumwamkia. Nilimwona anafuta jicho. Hakukuwa na kisanduku cha hilo.

Mwalimu akavuta kiti chake mwenyewe akaniketisha mbele, siyo nyuma. Bibi harusi wa Upanga akapewa kazi ya kunijulia hali. Akaniuliza watoto, akaniuliza mume, nikasema tumeachana, akageuka kwa mwalimu kwa hofu. "Hapo unasema pole," mwalimu akamwelekeza, "kisha unaruka haraka kwenye afya ya mama yake." Akaruka. Mkongo wa makontena akateremka ngazi mbio akarudi na soda, akanifungulia. Halafu mwalimu akafungua mkoba wake, akatoa bakuli la vitumbua. Kilikuwa chakula chake cha mchana. Alivipika mwenyewe alfajiri.

"Asante, nimeshiba," nikasema, kwa sababu nilikuwa kazini.

"Mmesikia?" akaliambia darasa. "Amesema ameshiba. Mgeni akisema hivyo, maana yake nini?"

"Ana njaa!" wakajibu wote.

"Basi mfanye nini?"

Wakanivamia. Kula dada, usituogope, ongeza, kimoja tu, hiki kidogo, utatukosea. Mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hiyo wenyeji walipona kweli. Watu waliokuja darasani mwezi mmoja nyuma hawawezi kuomba maji walikuwa wananisihi kwa Kiswahili cha watu waliozaliwa mtaa wa Gerezani. Walinitania, nikacheka, nikawajibu. Nilikula vitumbua vinne. Nimefundisha miaka kumi na minane, nimekaguliwa na kukagua, na sijawahi kuona somo zuri kama lile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuwa mjinga. Nilijua ninachokiona.

Kisha nikarudi kwenye ofisi yangu, iliyokuwa stoo yenye dirisha, nikajaza fomu. Je, somo lilianza ndani ya dakika tatu? Hapana. Je, malengo yaliandikwa ubaoni? Hapana. Je, mwangalizi alibaki bila kuonekana? Ah, we acha tu. Hapana kumi na tisa, moja baada ya nyingine. Mkono wangu haukutetemeka, kwa sababu fomu ikiuliza unajibu, ndivyo tulivyolelewa. Mwishoni palikuwa na nafasi imeandikwa "Mengineyo". Ningeweza kuandika habari ya yule mama wa chaja. Mimi, kwa kujitia mkweli, nikaandika: "Mwangalizi alipewa vitumbua vinne na soda." Nikaona nimefanya la maana. Nikapiga na muhuri.

Kesho yake mkurugenzi akaniita. Fomu ilikuwa mezani, na neno vitumbua limezungushiwa wino mwekundu.

"Hii ni rushwa," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananitania, nikamwuliza kama soda nayo imo.

"Umeandika mwenyewe. Mtu anayepimwa amempa chakula anayempima. Tuna sera ya zawadi." Nayo sera ilikuja kwenye begi lilelile la semina.

Ningesema hapohapo, bosi, huyu mama hata angeingia pale mkusanya taka angemlisha. Badala yake nikasema, "Sawa, bosi."

Wakaitisha kikao. Walikaa mkurugenzi, mhasibu na mama wa utumishi, na mimi pembeni. Kwenye meza, ili tujadili vizuri ubaya wa kulishana kazini, waliagiza chai ya maziwa na sambusa, na mkurugenzi alituhimiza tule kabla hazijapoa. Mwalimu akaingia na kitenge chake kizuri. Mkurugenzi, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, akainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mama, unatuhumiwa kutoa hongo."

Mwalimu aliangalia sahani ya sambusa, akatuangalia sisi mmoja mmoja.

"Ulimpa chakula kwa nini?" mkurugenzi akauliza.

"Alikuja."

"Ulijua amekuja kukupima?"

"Nilijua. Sasa ningemwacha anipime na njaa?"

Mhasibu alikohoa ili asicheke. Wakamwomba mwalimu asubiri nje. Mlango ulipofungwa mkurugenzi akanigeukia mimi.

"Afisa Usaidizi, swali moja tu. Baada ya kula, uliona vigumu kumpa alama mbaya?"

Hapa ndipo ninapojichukia hadi leo. Ukweli ulikuwa hapana. Haikuwa vigumu hata kidogo. Nilikula vya mama wa watu, nikafuta mafuta vidoleni, nikamshushia hapana kumi na tisa bila kupepesa. Ningesema hivyo tu, kesi ingekufa palepale, maana rushwa gani hiyo isiyomlainisha mtu hata chembe? Lakini mama wa utumishi alikuwa ananitazama, na mhasibu, na nikaona aibu. Nitaonekana mtu wa namna gani? Nilitaka nionekane nina utu. Nikainamisha kichwa, nikalegeza sauti.

"Kwa kweli, bosi... iliniwia vigumu kidogo."

"Asante kwa uaminifu wako," akasema, akaandika.

Nilipotoka, mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi akijipepea na bahasha. "Mimi wameniuliza ya vitumbua," akasema. "Wewe wamekuuliza nini, mwanangu?"

"Mambo ya kawaida tu, mama."

"Haya. Mungu yupo."

Barua ilitoka Ijumaa. Mkurugenzi akaniambia nimpelekee mimi, maana ndiyo kazi yangu, kumsaidia mwalimu katika kipindi kigumu. Ilikuwa ya Kiingereza. Kituo kinakula na kulala kwa Kiswahili, lakini barua ya kumfukuza mtu, hiyo lazima iwe ya Kiingereza, vinginevyo itaonekana haina uzito. Nikashukuru moyoni. Nilijua mama wa shule ya msingi ya kule kwao hataisoma yote, nitamweleza mimi kwa upole, na yale mengine yatapita.

Nilimkuta anamalizia kipindi. Nikamwita kando, akakataa kusogea.

"Ni barua yangu? Nisomee hapahapa. Kwa Kiswahili, hawa wapate zoezi la kusikiliza."

"Mama, ni ya faragha."

"Darasa ni lao pia. Soma."

Basi nikasimama mbele ya watu tisa, nikaanza kutafsiri. Nilisoma kwamba kituo kinamshukuru. Nilisoma kwamba mkataba hautaongezwa. Bibi harusi wa Upanga akaweka mkono mdomoni. Nilisoma kwamba kikao kimejiridhisha kuhusu suala la chakula, nikavuta pumzi, nikahamia aya ya mwisho, ile ya kumtakia kila la heri.

Mwalimu alikuwa amesogea hadi begani kwangu. Sikumsikia. Alikuwa amevaa miwani.

"Umeruka mstari," akasema.

"Mstari gani, mama?"

"Huu." Akaugusa kwa kidole. "Kiingereza nimefundisha darasa la tano na la sita miaka ishirini na miwili. Rudi, usome."

Nikarudi. Nikausoma. Kwamba Afisa Usaidizi wa Walimu, mbele ya kikao, amethibitisha kwamba chakula alichopewa kilimwathiri katika kutoa alama.

Hata spika ya mtumba kule chini sikuisikia. Mwalimu hakuniangalia. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani, akanyoosha mkono akachukua barua.

Yule mama wa Kichina akanyoosha mkono. Alikuwa anaandika kwenye daftari na neno moja lilikuwa limempita.

"Mwalimu, swali. Huyu Afisa Usaidizi, ni nani?"

Mwalimu alinigeukia mimi, akasubiri, kama anavyomsubiri mwanafunzi aliyeshikwa na kigugumizi.

"Mjibu mwenzako," akasema. "Sentensi kamili."

"Afisa Usaidizi," nikasema, "ni mimi."