Kisahani cha Kauri Nilichokipasua

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Keti. Nimechoka leo, ila hili nikuambie.

Nilikuwa fundi kijana kwenye maabara moja hapa Arusha, tukipaka vioo utando mwembamba wa kutengenezea seli za umeme wa jua. Kisahani cha kauri, kipana kama kiganja, kinawekwa ndani ya mashine, hewa inafyonzwa, kisha gesi yenye chaji ya umeme inakigonga mpaka chembe zake zinaruka na kuganda kwenye kioo. Kauri haivumilii haraka. Unaongeza umeme kidogo, unasubiri, unaongeza tena. Mzee Gurdev, Singasinga wa Ngarenaro aliyenifundisha kazi, alinikumbusha hilo karibu kila wiki.

Siku hiyo kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu kabla ya harusi, kule Akheri, nami nilitaka kuwahi. Nikapandisha umeme wote kwa mkupuo. Nilipofungua mashine, kisahani kilikuwa vipande vitatu. Hatukuwa na kingine, na mwanafunzi aitwaye Neema alikuwa amekisubiri miezi mitano kwa utafiti wake.

“Kilikuja na ufa,” nilimwambia Mzee Gurdev.

Akaniamini. Akawaandikia barua kali wale waliotuuzia kisahani, akaambatisha picha za vipande, akisema fundi wake hasemi uongo.

Baada ya wiki kadhaa wakajibu kwa upole kwamba mpasuko wa namna ile huletwa na joto la ghafla. Mzee alinisomea taratibu, akavua miwani.

“Binti yangu, kauri nitaagiza nyingine,” alisema. “Neno langu kwa watu hawa nitaliagiza wapi?”

Kesho yake shikamoo yangu aliiitikia, lakini hakunitazama. Aliniambia tu niende kwa Neema mwenyewe. Nikaenda, nikamweleza yote.

“Dada, mimi nilikuwa nasubiri watuletee kingine; ungeniambia siku ile ile ningebadilisha mada,” Neema alisema. “Sasa muda umeniishia.”

Alirudi kwao bila kumaliza masomo. Sijamwona tena, na nimekwisha kuchoka kumtafuta.

Mwanangu, utaharibu vitu, hilo siwezi kukuzuia. Mimi mwenyewe niliharibu vingine baadaye. Lakini ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, maana kuna mtu anapanga maisha yake kwa kutegemea ulichomwambia. Mungu akujalie mikono mitulivu, na akupe moyo wa kusema kabla hujaulizwa.