Swali Nililolipamba

Kila mwaka chuo kimoja karibu na Buxton, hapa Mombasa, hualika wageni kuzungumza juu ya mambo ya siku hizi, na milango huwa wazi kwa yeyote. Mimi si mwanafunzi pale. Niliishia kidato cha nne, mengine nikajifundisha mwenyewe, na kila nikiketi katika ukumbi ule huhisi nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Mwaka huu mgeni mmoja, mzee wa Mji wa Kale aliyesomea mambo ya maji, alikuja kueleza jinsi chumvi ya bahari inavyoingia visimani. Mama akataka twende sote. Kisima cha uani kwetu kimeanza kuwa na ladha ya chumvi, nasi twanywa maji yake. "Muulize tu, tuyanywe au tuyawate?" aliniambia.

Swali lile niliona dogo mno. Nikaliunda upya, nikalitia "sera" na "uendelevu", nikalikariri hata nikiosha vyombo. Kipaza sauti kiliponifikia nililitoa lote bila kukwama.

Mzee alisubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Waalaikum salaam, mwanangu."

Ukumbi ulicheka. Sikuwa nimetoa salamu. Mtoto wa Mombasa, mbele ya mtu wa umri wa babu yangu, nimeanza na sera. Kwa kuchanganyikiwa nikajibu, "Asante," wakacheka tena. Mzee alinijibu kwa upole, jibu refu kama swali lenyewe, na mwenyekiti akatangaza kuwa muda umekwisha. Kuhusu kisima sikuambulia kitu.

Mama aliinama, mtandio usoni. Tulipotoka nje akaniuliza, "Salamu hukutoa, kisima hukukitaja. Sasa ulisimama kusema nini?"

Nilitaka twende zetu. Akanishika mkono hadi kwa mzee, aliyekuwa akiagana na watu mlangoni.

"Shikamoo," nilisema, uso ukiniwaka.

Akaitikia, akauliza hali ya nyumbani, wala hakutaja yaliyopita. Ndipo nikamwambia: kisima chetu kina chumvi, tuyanywe maji au tuyaache?

"Msiyanywe kwanza," alisema. "Nileteeni chupa moja niyapime."

Mama alimshukuru kwa dua ndefu. Mimi nilitazama chini. Najua kwamba kama Mama asingenishika mkono, jioni ile tungeyanywa yale yale, nami ningekuwa chumbani nalisahihisha swali langu.