Mbawakawa Weusi Kwenye Maharage

Kijiji chetu kipya kilipofikisha mwaka wa pili, mwendo mfupi kutoka Robanda, mimi ndiye niliyekuwa bibi shamba. Nilikuwa na baiskeli ya serikali na, kama mume wangu alivyopenda kusema, mdomo usio na breki. Kituo cha utafiti kikaniongezea kazi: nikusanye mbawakawa wanaotoboa majani ya maharage na kunde, niwatie kwenye spiriti, niandike kila mmoja kaokotwa wapi. Wataalamu walitaka kujua jenasi hiyo, Ootheca, ina spishi ngapi na kila spishi inaishi wapi, juu milimani Tarime au huku kwetu. Mimi nilitaka tu wasitumalizie mboga.

Msimu ule mvua za kwanza ziliponyesha walitoka ardhini kwa wingi. Siku zote tulizoea kuona wa rangi ya chungwa. Safari hii weusi nao walikuwa wengi, na majani ya shamba la ujamaa yakawa matundu matupu.

Watu wakatafuta mwenye kosa, na hawakuhangaika sana. Kiangazi kilichopita alikuwa amehamia mjane kutoka Nyanungu, kule milimani Tarime, na watoto wake na debe la mbegu ya maharage. Huku kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi, na kwa kuona ngozi tu mtu atakwambia ni wa boma la nani. Basi wadudu nao wakapangwa kama mifugo: wa chungwa ni wetu, weusi ni wa Nyanungu. Mkutano ulipoitishwa, uamuzi ulishapikwa: shamba la mjane lihamishiwe mwisho wa kijiji, mpakani na hifadhi. Huko nyumbu na tembo walikuwa wakivuna kabla ya mwenye shamba, na yule mama hakuwa na mtu wa kulinda. Ilikuwa ni kumwambia akafe njaa, ila kwa adabu.

Nilikasirika. Nikaenda mkutanoni na chupa isiyo na spiriti.

"Ndugu mwenyekiti, hawa nimewakamata leo asubuhi kwenye kunde zako," nikasema, nikampa.

Ndani walikuwamo wa chungwa na weusi, wazima, na weusi wawili walikuwa wamewapanda wa chungwa migongoni, hawana habari na mkutano. Wanawake wakaangua kicheko.

"Basi wageni wameshaoa kwetu," mwenyekiti akasema.

"Huyu mdudu hatagi kwenye mbegu," nikamjibu, "anataga kwenye udongo. Mtoto wake anakula mizizi, akikua anajilalia humo chini mpaka mvua ije. Hawa wamelala kwako tangu masika yaliyopita. Huyu mama alikuwa wapi masika yale?"

"Mbona rangi mbili?" akauliza.

Mjane, aliyekuwa ameketi na mtoto mapajani, ndiye aliyejibu. "Baba, yule ng'ombe wako mwekundu juzi si kazaa ndama mweusi? Umemfukuza?"

Hata mwenyekiti alicheka. Shamba likabaki lilipokuwa, na msimu uliofuata nikawafanya wanakijiji wapande mtama pale palipokuwa na maharage, ili wadudu wakiamka wakose chakula.

Baadaye mtaalamu wa kituo alipita kuchukua chupa zangu. Akanieleza kwamba katika jenasi hii rangi hudanganya. Spishi hutambuliwa kwa kiungo cha uzazi cha dume, tena kwa hadubini. Wangu wote, weusi na wa chungwa, walikuwa spishi moja, ya hapa hapa. Nikatangaza habari hiyo kijijini kwa furaha, na tangu hapo hakuna aliyewaita weusi wageni.

Nikahamishwa kituo. Niliporudi kumsalimia yule mama nilikuwa na mvi, na makazi yalikuwa yamebadilika, nikapotea. Kisimani nikamuuliza mwanamke mmoja, nikamtajia jina la yule mjane. Akatua ndoo.

"Aa, yule mgeni," akasema, akanionyesha njia.