Kitabu Ambacho Hakuna Aliyekifungua

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya maktaba moja hapa Brussels, papa mmoja, kama Wakongo wanavyomwita baba mtu mzima, akaja mbio akanipita kwenye foleni. Ni mchungaji kutoka Lubumbashi, na ndiye mtunza kabati la vitabu la kanisa lao huko Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini. Alishika kitabu kikuukuu cha maktaba hiyo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani iliyovunjika.

"Maman, mi sikuharibu," alimwambia mhudumu, dada wa Goma. "Nimekikuta vile. Makaratasi imeshikamana."

Dada alitabasamu. "Usiogope, papa. Zamani kitabu ilitoka na page zimeungana, msomaji njo anazikata na kisu. Hii haijakatwaka."

Kwa maelezo ya jalada, kitabu kilikuwa kisa cha maisha ya mchungaji wa karne ya kumi na tisa, alichokiandika mwenyewe. Mtu huyo alitunza maktaba, na vitabu vya wenzake, mpaka uzeeni.

"Donc, hakuna muntu alikisoma?"

"Hata moja, papa."

Papa alijifuta jasho, na nje kulikuwa na baridi kali. Dada akaleta kisu, akaanza kukata taratibu. Papa hakutazama. Alitoa mkobani kijitabu kipya chenye picha yake kwenye jalada, alichokuja kuiachia maktaba.

"Bon, maman," alisema, akikisukuma juu ya kaunta. "Hii yangu, soma hata page moja. Sasa hivi, nione."

Dada alisoma mbili. Mimi, ninayeandika safu hii gazetini kila wiki, nikajikuta napapasa kingo za gazeti langu, kuhakikisha kurasa zinafunguka.