Kipa wa Familia Yetu

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa kipa wa timu ya kijiji chetu cha Mapera. Mimi pia nilikuwa kipa, ila yeye alidaka, mimi nikakaa benchi. Jumapili baada ya misa watu walishuka uwanjani kumtazama akirusha mpira kwa mkono mmoja ukafika katikati ya uwanja. Nilijaribu mtupo ule peke yangu shambani mpaka bega likavimba.

Siku moja wakaja wageni wa shirika la umma kutoka Dar es Salaam. Wakamchukua kama mtunza stoo, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuidakia timu yao. Jina lake likaanza kutajwa redioni. Mama aliongeza sauti. Mimi nilichukua panga nikaenda kupunguza matawi ya kahawa.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Kwetu walifika wanunuzi binafsi wa kahawa. Huko Dar mashirika yakauzwa, na lake pia. Mwenye mali mpya hakutaka timu. Ndugu yangu akarudi na begi moja. Nilifurahi, sitaficha. Wakati huo golini nilikuwa mimi.

Jumamosi moja tuliteremka Mbamba Bay kucheza na vijana wa ziwani. Nikiwa nimeshavaa jezi, nahodha akaniita pembeni.

"Kaka, leo tumpishe mwenzetu. Watu wamekuja kumwona yeye."

Nikaivua. Alidaka vizuri kuliko nilivyoomba. Kipindi cha pili, tukiongoza kwa bao moja, akarusha mtupo wake ule, bega likachomoka. Alinisubiri mstarini, jasho likimtoka usoni.

"Ingia, ndugu yangu. Yule wa mguu wa kushoto anapiga chini."

Alipiga chini kweli, nikaudaka. Tukashinda.

Ufukweni tulichomewa samaki aina ya mbasa. Mzee mmoja alinipita, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akamgeukia ndugu yangu.

"Umemfundisha vizuri huyu."

"Sijamfundisha, mzee. Alijua kudaka tangu zamani."

Mzee akacheka, akamsifu kwa unyenyekevu wake. Nikamweka samaki pembeni. Afadhali angejisifu, ningepata cha kumchukia.

Kurudi, yeye alikaa mbele na dereva kwa sababu ya bega. Hakudaka tena. Mimi nilidaka miaka mingi baadaye, na kila nilipookoa bao, mtu aliuliza kama yeye ndiye anayeninoa.