Neno Lililobaki kwa Mwalimu Bartholomeo

Winfrida alikuwa shambani kwake Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, akipalilia njegere, alipopigiwa simu kwamba baba yake ameanguka bafuni. Alidhani atakaa mjini wiki moja au mbili. Alimwomba jirani amwangalizie kuku, akafunga mlango kwa kufuli, akapanda gari la asubuhi linaloteremka Morogoro na matenga ya kabichi. Hiyo ilikuwa vuli ya mwaka juzi. Kuku wale sasa ni wa jirani.

Baba yake, Mwalimu Bartholomeo, alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari tangu ujana wake mpaka alipostaafu na kuhamia kwenye nyumba aliyojenga Kihonda, mjini Morogoro. Mke wake alikwisha kufariki. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na maneno yote pia, ya Kiswahili, ya Kiluguru na ya Kiingereza, kikamwachia moja tu. Alilitamka kwa mara ya kwanza wodini, Winfrida akiwa amemshika mkono. "Help," alisema. Muuguzi alifurahi, akadhani mengine yatafuata. Hayakufuata. Daktari alimweleza Winfrida kwamba mambo hayo hutokea: mgonjwa anasikia, anaelewa, akili yake ipo, lakini kila anapotaka kusema jambo, lolote lile, mdomo unatoa neno lilelile.

Winfrida aliishia darasa la saba. Neno hilo alilijua kama wengi wanavyolijua, kwamba maana yake ni msaada. Basi kila alipolisikia, alisaidia.

Kulipopambazuka, help ilikuwa kumgeuza, kumvua pampasi, kumwosha na kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Baada ya hapo ikawa uji. Uji ukiwa wa moto ilikuwa help, ukipoa sana ilikuwa help. Ilikuwa redio, kisha ilikuwa kuzima redio. Ilikuwa nzi puani, mkunjo wa shuka chini ya nyonga, jua lililoingia dirishani. Siku moja alimhangaisha asubuhi nzima, na Winfrida alipoanza kukata tamaa akagundua kwamba kalenda ya ukutani ilikuwa bado kwenye mwezi uliopita. Aliifunua, mzee akafumba macho na kushusha pumzi.

Mgongo wa Winfrida ulianza kuuma upande mmoja, kisha pande zote mbili. Alijifunza kulala akiwa amekaa. Kaka zake waliokuwa mbali walipiga simu na kuuliza Baba anaendeleaje. Yeye mwenyewe hawakumuuliza. Tena kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Watu wa ukoo wa Mwalimu, ambao kwa desturi ndio waliopaswa kumwangalia, walikuwa watoto wa dada zake, hasa Alois, fundi wa magari aliyeishi Mwembesongo. Alois alikuja kila Jumapili akitoka misani, akakaa kwenye kochi, akamsifu Winfrida, akasema Mungu atamlipa, kisha akaondoka.

Mchana mmoja wa Machi, Mwalimu akiwa kitini karibu na dirisha, alianza kuita. Winfrida aliacha vyombo, akaja na kopo la haja ndogo. Mzee akatikisa kichwa. Akaleta maji. Akatikisa kichwa. Akamsogeza mto, akamvuta soksi, akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Mzee aliendelea kuita, kwa nguvu zaidi, akipiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima wa kushoto, mpaka mvua ilipomwagika kwenye bati na kumeza sauti yake. Ndipo Winfrida alipotazama nje. Kwa jirani yao Asia, ambaye wote walimwita Mama Shamimu, mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai na hapakuwa na mtu nyumbani. Mzee alikuwa ameiona mvua tangu ilipoanza kushuka mlimani. Winfrida alikimbia akakunja turubai, lakini nusu ya mahindi yalikuwa yameshalowa.

Mama Shamimu aliporudi hakulaumu. Alisema mahindi hukauka tena. Winfrida alirudi ndani akiwa ameloa, akamtazama baba yake, na hakujua kama amwombe radhi au amkasirikie.

Siku chache baadaye alikuja mgeni anayeitwa Stambuli, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ambaye sasa anafundisha chuoni Mzumbe. Alipiga magoti kidogo mbele ya kiti akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Mzee akamshika bega, akajibu, "Help." Stambuli alicheka, kisha akageuka upande akafuta macho.

Winfrida alimwandalia chai na kumsimulia habari za neno hilo, pamoja na ile ya mahindi. Stambuli alisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno hilohilo Mwalimu aliwahi kulifundisha kipindi kizima. Aliliandika ubaoni peke yake, akauliza darasa: nani anamsaidia nani? Akawaambia kwamba katika Kiswahili watu wamo ndani ya neno lenyewe. Unasema nisaidie, au msaidie, au nikusaidie, au tusaidiane, na aliyesikia anajua nani anatoa na nani anapokea. Neno la Kiingereza linaweza kusimama tupu. Anayezama majini analiita, mwenye duka analitumia kumkaribisha mteja, mwenyeji analitumia kumwambia mgeni apakue chakula, na watu ni kazi yako kuwatafuta.

"Hakuturuhusu kukaa mpaka kila mmoja ametunga sentensi yenye watu," Stambuli alisema.

Winfrida alikusanya vikombe. "Basi ungemwambia anitungie na mimi," alisema. "Muda wote huu nimesimama."

Stambuli alipoondoka aliacha mkate na matunda, akaahidi kurudi, na alirudi kweli, mara moja moja.

Tangu siku hiyo Winfrida alibadilisha namna ya kuuliza. Zamani aliuliza anataka nini. Sasa alianza kwa kuuliza ni nani: "Ni wewe, Baba? Ni mtu mwingine?" Mara nyingi ilikuwa yeye. Lakini zilikuwapo siku alipotikisa kichwa na kunyoosha kidole dirishani, na Winfrida akakuta mtu langoni ambaye hodi yake haikusikika, au mbuzi wa jirani amezongwa na kamba na analia. Hilo lilipunguza kuhangaika. Uchovu haukupungua.

Kiangazi kikafika, maji ya bomba yakawa ya mgawo. Asubuhi moja yalipotoka, Winfrida aliloweka mashuka yote uani. Alimtoa baba yake, akamketisha kwenye kiti cha plastiki kivulini, akaanza kufua. Alipofika kukamua shuka la kwanza, ambalo lilikuwa zito, mgongo ulimkamata. Alijaribu kusimama, akashindwa. Akakaa chini kwenye sementi yenye povu, shuka likiwa mapajani, maji yakimpenya nguo.

"Help," Mwalimu alisema.

Winfrida hakuinua kichwa.

"Help," alisema tena.

"Baba, sina tena," Winfrida alisema. Hakupaza sauti. "Leo nimeisha. Hata kama ni wewe, hata kama ni mtu mwingine. Sina."

Alipotazama, aliona mkono wa kushoto wa baba yake umenyooshwa kwake, kiganja wazi, vidole vikifunga na kufungua. Alidhani anataka kushikwa, apelekwe ndani. Kisha akaona kwamba macho ya mzee hayako usoni kwake. Yalikuwa kwenye shuka.

Winfrida alijikokota mpaka kitini akamwekea ncha ya shuka kiganjani. Mzee aliikamata, akaibana chini ya paja lake zima, akaitikia kwa kichwa. Winfrida akashika ncha ya pili, akarudi nyuma akiwa bado amekaa, akaanza kusokota. Shuka likakaza kati yao. Maji yakamwagika. Mara moja lilimponyoka mzee na kumchapa Winfrida usoni, na mzee akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Ilikuwa kicheko, cha kwanza tangu aanguke.

"Unanisaidia mimi?" Winfrida aliuliza.

Aliitikia kwa kichwa, kwa subira, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amechelewa kuelewa.

Walimaliza mashuka yote. Ilichukua muda mrefu kuliko ambao angetumia peke yake mgongo ukiwa mzima, na hayakukamuka vizuri. Winfrida aliyaanika yakitiririka. Kisha akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake, akalia, na mzee akamwacha alie.

Jumapili Alois alikuja kama kawaida yake. Kabla hajamaliza kusifu, Mwalimu alisema neno lake. Alois akainuka haraka kutafuta kopo. Mzee akatikisa kichwa. Akamnyooshea Winfrida kidole, akakishikilia hapo, kisha akakigeuzia dirishani, kule milima ilikokuwa imefunikwa na mawingu nusu.

Winfrida alielewa, lakini aliona aibu kulisema. Mwishowe aliliuliza. "Mimi ndiye wa kusaidiwa, Baba? Niende nyumbani?"

Mzee aliitikia kwa kichwa, akamtazama mpwa wake.

Alois alitazama viatu vyake. Alianza kueleza kuhusu gereji na wateja, akaishia katikati. "Mjomba, nimesikia," alisema.

Alihamia pale Jumamosi iliyofuata na begi dogo. Winfrida alimwonyesha namna ya kugeuza na ya kuosha, akamwambia mengine amuulize mzee mwenyewe. Akapanda gari la Nyandira.

Mlango wake ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi ausukume kwa bega. Shamba la njegere lilikuwa limekuwa majani matupu. Alikusudia kufagia kwanza, lakini alikaa kitandani kuvua viatu akapitiwa na usingizi na kiatu kimoja mguuni, akaamka kesho yake ukungu ukiwa mlangoni. Alilima kipande kidogo cha tuta. Mchana alilala tena. Wanawake waliopita kwenda kisimani walimwambia amekonda, naye akakubali kwamba amekonda.

Baada ya wiki moja, aliporudi Kihonda na kiroba cha viazi, alimkuta Alois jikoni amevaa fulana yenye madoa ya uji, macho mekundu, hajanyoa. Mwalimu alikuwa amelala.

"Dada," Alois alisema, "nilikuwa sijui."

Winfrida alitua kiroba. Hakuwa na nguvu ya kumlaumu, wala hamu. Walikaa kwenye ngazi ya jikoni wakapanga zamu, wiki kwa wiki, na mke wa Alois atakuja siku za kufua. Kisha Winfrida akajifunga kanga kiunoni, akaanza kumenya viazi.