Majibu Yaliyotangulia Swali

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua nyanya soko la Konyokonyo nazigeuza moja moja hadi muuzaji anune. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza huyu anataka nini. Mama alidai nilizaliwa hivyo. Mimi nasema nilifundishwa na kambi ya wakimbizi kule Kenya, ambako sufuria ukiiacha nje kidogo tu, jioni unaiona inapika kwa jirani. Nilirudi Juba na cheti cha sekondari, Kiswahili cha shuleni na tabia hiyo, na nadhani ni hiyo tabia hasa iliyonipatia kazi kwa mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mbunge, mama wa makamo aliyesomea Kenya kama mimi. Tulipotaka wengine ofisini wasishike maneno, tulihamia Kiswahili. Hakuwa msemaji. Wenzake walisimama bungeni wakapiga meza na kunukuu Biblia. Yeye alikaa kimya, akaandika. Silaha yake ilikuwa swali la maandishi. Mbunge anaandika swali kwa waziri, linapelekwa ofisi ya Katibu wa Bunge, linapigwa muhuri, kisha wizara inapata nakala na waziri anatakiwa ajibu naye kwa maandishi. Mawaziri waliweza kuzoea kelele, lakini karatasi yenye muhuri iliwakosesha raha.

Sharti lake lilikuwa moja: swali liwe siri mpaka muhuri upigwe. Waziri akilijua mapema, alisema, atapata muda wa kupaka rangi. Kazi ya kuliandaa swali ilikuwa yangu. Kazi ya kulibeba ilikuwa ya tarishi wetu, mzee mmoja aliyeishi ukimbizini Uganda miaka mingi, mwenye Kiswahili cha huko na mwendo wa pole. Yeye ndiye pia aliyetuchemshia chai. Mimi aliniita ustaz, ingawa sijawahi kufundisha hata darasa la kwanza.

Ofisini tulikuwa na kompyuta, lakini sikuiamini. Ilitumiwa na wasaidizi wa wabunge watatu, na mara mbili nilikuta faili zangu zimefunguliwa. Kwa hiyo, kwa ujanja wangu, nikaamua maswali ya mheshimiwa yasiguse kompyuta ile. Niliyaandika kwa mkono, nikayapeleka mtaa wa Malakia, kwenye duka la Msomali mmoja kutoka Garissa aliyeuza sukari na unga wa jumla. Nyuma ya magunia, dada mmoja wa Uganda alikuwa na kompyuta, printa na umeme wa sola usiokatika. Alichapa haraka bila makosa, wala hakuuliza chochote. Nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri, nikijiona mtu mwerevu kuliko Bunge zima.

Mwaka jana mheshimiwa aliandika swali kuhusu kituo kimoja cha afya upande wa Rejaf, katika jimbo lake. Je, Waziri anajua kwamba kituo hicho hakina kitanda hata kimoja cha kujifungulia? Mkunga yuko wapi? Dawa zilifika mara ya mwisho lini? Swali lilipigwa muhuri Jumatano. Alhamisi asubuhi jibu lilikuwa mezani.

Nililishika lile jibu kama mtu aliyeokota nyoka. Wizara ile haikuwahi kutujibu ndani ya mwezi, na mara nyingi haikujibu kabisa. Leo imejibu kwa siku moja, kwa adabu zote, na picha juu: vitanda sita, magodoro mapya, mkunga mwenye gauni jeupe akitabasamu. Mheshimiwa alizitazama picha, akanitazama mimi.

Mchana muuguzi wa kituo kile akampigia simu. Gari lilikuja na vitanda Jumanne, alisema, watu wakapiga picha, na leo asubuhi gari limerudi kuvichukua. Mkunga yeye hamjui, hajawahi kumwona. Mheshimiwa akakata simu, akalirudia jina la siku ile kwa sauti ndogo. Jumanne, siku moja kabla ya muhuri.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akaniambia. "Nitafutie nani."

Aliahidi kwamba atakayepatikana ataondoka siku hiyo hiyo, na nilijua hatanii. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Swali lilijulikana na watu watatu: mheshimiwa, mimi, na mzee. Mheshimiwa asingejiibia. Mimi nilijua si mimi. Yule dada wa Malakia sikumhesabu. Nani humhesabu mchapaji? Ni kama kuihesabu kalamu.

Basi nikaanza kumtazama mzee, na ukimtazama mtu kwa jicho la kushuku, kila anachofanya kinakupa ushahidi. Alijulikana na walinzi wa kila wizara. Akitumwa kwa nusu saa alirudi baada ya saa mbili, akisema alikuta foleni. Siku moja nilimwona kwenye kivuli cha ukuta wa wizara ile ile akicheka na dereva wa hapo. Nilipomuuliza walikuwa wakicheka nini, alisema wanatoka kijiji kimoja. Niliona jibu hilo limekuja upesi mno. Chai yake nikaanza kuiacha mezani ipoe.

Nikamshauri mheshimiwa tumtege. Tuandike swali la uongo, tumpe mzee peke yake katika bahasha iliyofungwa, akae nayo siku mbili kabla ya kuipeleka kwa Katibu. Tukiona wizara imeshtuka, tumempata. Mheshimiwa alisita. Alisema mzee yule alimbebea barua tangu siku ya kwanza ya ubunge. Nikamjibu, kwa maneno yangu mwenyewe ambayo leo yananiunguza, kwamba mtu wa siku nyingi ndiye hujua mlango uko wapi.

Swali la mtego lilihusu mtaro ulioziba karibu na uwanja wa ndege. Hakuna aliyewahi kulalamika juu ya mtaro huo. Niliuchagua kwa sababu nilipita hapo kila siku. Nililiandika kwa mkono, nikalipeleka Malakia likachapwa, nikalifunga ndani ya bahasha, gundi na sahihi juu ya gundi. Jumatano mzee akakabidhiwa, akaambiwa alipeleke Ijumaa. Aliitikia, "Sawa, ustaz," akaliweka kwenye mfuko wake wa ngozi.

Alhamisi, nikiwa nyuma ya boda karibu na uwanja wa ndege, nikaona wanaume wanane ndani ya mtaro ule na koleo. Juu ya ukingo amesimama mtu na kamera. Nilimwambia dereva asimame. Ndege ya Entebbe ilikuwa inashuka, na katika kelele zile nilicheka peke yangu. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mzee hakufokewa. Mheshimiwa alimwita jioni ile ile, akamwambia tu kwamba maswali yanafika wizarani kabla ya wakati na kwamba hawezi kuendelea naye. Hakusema nani amemtaja, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa ngozi, gundi nzima na sahihi yangu nzima juu yake, akaiweka mezani pamoja na ufunguo wa ofisi. Mimi niliitazama ile gundi na sikujiuliza lolote. Nilisema moyoni kwamba wezi wa siku hizi wana ufundi.

Miezi minne ikapita. Tulipata tarishi mwingine. Habari zilizunguka Bunge zima, kwa sababu Juba haina siri: yule mzee alikuwa akiuza maswali. Mimi sikuzikanusha wala sikuzisambaza, nilitikisa kichwa tu kwa huzuni ya mtu mwema.

Kisha nikaenda Malakia na swali jipya, kuhusu barabara. Dada wa Uganda alilichapa, akanitolea nakala mbili, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Jibu pia nianze, ama ile karani atakuja mwenyewe?"

Nikamuuliza jibu gani, na karani yupi.

"Ile ya mawaziri, anaandikia wizara yote majibu. Jenereta yao iko na shida, wanachapa kwa mimi. Akikuja naonyesha yeye swali yenu, yeye anasoma, tunatengeneza jibu. Inasaidia, nyinyi hamungoji sana."

Karani huyo nilimjua kwa sura. Mara kadhaa tulikuwa tumekaa benchi moja, kila mmoja akisubiri karatasi zake, tukilalamikia joto. Sikuwahi kumuuliza anafanya kazi wapi. Mimi, mtu wa kugeuza nyanya.

Nikamuuliza dada nani alimruhusu kumwonyesha. Sauti yangu ilikuwa imepanda na Msomali akachungulia kutoka kwenye magunia. Dada alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na hila yoyote, hata mimi niliona.

"Si nyinyi yote ni serikali moja?"

Kwa mtu wa kawaida anayelipia maji kwa pipa, mbunge na waziri ni watu wa gari moja lenye vioo vyeusi. Atajuaje kwamba huku ndani tunafichana? Nilitoka na nakala zangu. Bahasha yenye gundi nzima ikanijia machoni, nikaona aibu hata kuvuka barabara.

Usiku ule nilipima kunyamaza. Nilikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na ahadi ya mheshimiwa kuhusu mwenye kosa sikuisahau. Asubuhi nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunifukuza. Mpaka leo sijui kwa nini, na nimeshindwa kumuuliza. Aliuliza tu, "Na mzee?" Nikasema sijui yuko wapi. "Barua ya kumrudishia jina nitaandika mimi," akasema, "lakini kwenda, utaenda wewe."

Nilimkuta Rejaf, kwenye shamba la mboga la shemeji yake, karibu na mto. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, nami nikaanza kwa kumwambia kwamba maswali yalivujia dukani Malakia, kwa uzembe wangu. Akatikisa kichwa polepole.

"Mimi iliona wewe pale, ustaz. Wewe na ile karani, benchi moja. Mimi ilifikiri nyinyi iko na biashara yenu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile alipofukuzwa.

"Nisema nini? Maneno yenu mimi haikusikia. Iliona na macho tu. Macho peke yake haitoshi kufukuzisha mtu."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba aliyemtaja ni mimi, na mtego ulikuwa wangu. Sikupata njia nzuri ya kulisema, nililitapika tu. Aliutazama mto. Sikuomba msamaha mara moja tu, niliomba mara nyingi, nadhani hata nikamchosha. Nikampa barua ya mheshimiwa. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Alisema kazi hairudii, miguu imechoka. Lakini mke wake hajui kusoma, na miezi minne hii amekuwa akiishi na mwizi. Kanisani ameacha kukaa na akina mama wenzake. Nyumbani anampakulia chakula bila neno.

"Barua haitasaidia yeye," akasema. "Yeye iko jikoni. Enda mwambie wewe."

Mama yule alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua majani ya kunde. Nilijitambulisha kwa Kiarabu cha Juba, nikamweleza kwamba mumewe hakuuza kitu na kwamba kosa lilikuwa langu. Hakuacha kuchambua. Aliniuliza nani amenituma. Nikasema mheshimiwa, lakini ningekuja hata asingenituma, na niliposema hivyo niliona hakuamini, wala mimi sikuwa na hakika. Akauliza kama mume wake alikuja mjini kuongea nami kwanza. Nikasema hapana. Akasema watu wa ofisi hulindana, hilo kila mtu analijua.

Kisha akasukuma kigoda kingine kwa mguu, akaniambia nikae nianze mwanzo, polepole. Aliuliza duka liko mtaa gani. Aliuliza bahasha ilifungwa na nani, na iliporudi ilikuwaje. Aliuliza kama mume wake aliomba kujitetea, na mimi nilikuwa nimesimama wapi wakati huo. Nilimwambia nilikuwa napanga mafaili. Katika miaka yote ya kuandika maswali sikuwahi kukaa upande wa kuulizwa.

Mwisho akaweka majani chini na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza. Aliuliza: kama mzee yule angekuwa baba yangu, au mtu mkubwa mwenye gari, ningemtega hivyo?

Nilitaka kusema ndiyo, kwamba kazi ni kazi. Nikasema hapana, nisingemtega.

Akasema sasa ameamini, anayekuja kumlinda mwenzake hajiumbui hivyo. Akamwita mume wake kwa jina aje achukue chakula, kisha akaendelea kuchambua mboga.